MJANE MLANGONI PA MKUBWA

Dominika ya 29 ya Mwaka C
Masomo: Kut 17:8-13; 2 Tim 3:14–4:2; Lk 18:1-8



Injili ya Dominika ya leo ni fupi, na watu wake ni wawili tu: hakimu na mjane. Hakimu hamchi Mungu wala hajali watu. Mjane hana mume, hana fedha, hana wa kumsemea. Ana miguu yake miwili na ana ombi moja, yaani apewe haki yake. Anakwenda, anafukuzwa, anarudi. Mwishowe hakimu anachoka naye, anamtimizia, si kwa kuwa amemhurumia bali ili apate kupumzika. Mwinjili Luka atuambia tangu mwanzo kwamba Bwana wetu aliutoa mfano huu ili wafuasi wake wajifunze kusali siku zote pasipo kulegea.

Kwa miaka mingi niliihubiri Injili hii kama fundisho la sala peke yake. Nilisema: salini rozari, salini novena, msichoke. Nilisema vema, wala silifuti neno hata moja. Lakini nilikuwa naruka upesi mno. Mjane wa Yesu hakuwa amepiga magoti hekaluni. Alikuwa amesimama mlangoni pa mkubwa. Bwana alipotaka kutuonyesha sura ya mtu asaliye vema, alimchagua mwanamke anayedai haki kwa mtu asiyetaka kumsikiliza. Jambo hilo sikuliona kwa akili yangu, wala sikulipata katika vitabu vya seminari. Nilionyeshwa na bibi mmoja wa hapa kwetu Kilimatinde, naye ni mjane. Amenipa ruhusa niwasimulie habari yake, ila jina lake nisilitaje.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja wazi. Habari hii haikutokea Kilimatinde, wala katika hospitali yoyote ya wilaya yetu ya Manyoni. Ndugu zetu Waanglikana wana hospitali yao hapa juu ya kilima tangu zamani, na kule Itigi Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu wana hospitali ya Mtakatifu Gaspari. Wengi wetu tumetibiwa humo, nasi tunashukuru. Tukio hili lilitokea mbali, katika mkoa mwingine, alikoolewa binti wa bibi huyu. Hospitali yenyewe sitaitaja, nanyi msihangaike kuitafuta.

Binti alikuwa na mimba ya tatu. Alihudhuria kliniki kama alivyoagizwa, na kadi yake ilikuwa safi. Siku zilipokaribia, mama yake alifunga safari kutoka huku na mfuko wa unga wa uwele na vitenge viwili vya kumbebea mjukuu. Uchungu ulianza jioni. Walifika hospitalini saa mbili usiku. Katika wodi ya wazazi alikuwapo muuguzi mmoja tu, msichana, na akina mama wanne wenye uchungu. Saa saba usiku binti alijifungua salama mtoto wa kike. Lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukoma.

Muuguzi alifanya yale aliyofundishwa, kisha akamwita daktari, na daktari akaja. Akaagiza mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji. Chumba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao mtumishi aliyekwenda nyumbani kwake kulala. Wakampigia simu, simu haikupatikana. Akatumwa mlinzi kwa miguu. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi ukumbini, mjukuu kifuani, akiwaona watu wanapita na kurudi, na kila apitaye anaulizia ufunguo. Yeye hajui kusoma saa. Anachojua ni kwamba ufunguo ulianza kutafutwa giza likiwa zito, na kwamba adhana ya alfajiri ilipokwisha, binti yake alikuwa amekata roho.

Mwili ulisafirishwa, tukauzika hapa. Mimi ndimi niliyeongoza Misa ya mazishi. Nilihubiri juu ya Ayubu, nikasema kwamba haya ndiyo mapenzi ya Mungu, na wajibu wetu ni kuyapokea. Watu waliitikia Amina. Baada ya mazishi bibi alinijia pembeni, mtoto mgongoni, akanena kwa sauti ya chini na kwa heshima zote:

“Baba, naomba nikuulize neno. Ule ufunguo, alikuwa nao Mungu?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Mama, tusali.” Naye akaitikia, “Haya, Baba, tusali,” akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi.

Ndugu zangu, tumezoea kudhani kwamba amri ya pili ya Mungu huvunjwa na walevi na wenye kuapa ovyo sokoni. Huvunjwa pia na sisi wahubiri, tunapolitwaa jina la Mungu na kulitandaza juu ya uzembe wa mwanadamu kama shuka juu ya maiti. Ni kweli kwamba uzazi una hatari zake, na si kila mama afaye amefia mikononi mwa mwenye kosa. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Raheli alivyofariki njiani akimzaa Benyamini, mkunga wake akiwa kando yake akimtia moyo hadi dakika ya mwisho. Hakuna aliyemlaumu mkunga yule. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi, akaendelea na safari yake kwa huzuni. Huo ulikuwa msiba. Msiba twaupokea kwa imani, na imani ina maneno yake ya kusema mbele ya fumbo. Lakini ufunguo si fumbo la imani. Ufunguo ni kitu cha chuma. Una mahali pa kuwekwa na mtu wa kuutunza.

Sasa tazameni mambo yaliyofuata, maana hapa ndipo ukimya unapozaa dhambi nyingine. Hospitali haikusema kitu. Cheti kilitolewa na maneno mawili matatu ya kidaktari, basi. Watu wa kule alikoolewa binti wakaanza kujitafutia majibu wenyewe. Nanyi mnajua jinsi majibu hayo yapatikanavyo katika vijiji vyetu. Mwanamke akikawia kujifungua, huambiwa ataje wanaume aliotembea nao. Akifa, huulizwa ni nani aliyekula chakula naye, ni nani aliyemgusa tumbo, ni nani aliyetoka mbali akafika siku ile. Aliyetoka mbali akafika ni nani, kama si mama yake mzazi? Ndivyo minong’ono ilivyoanza kwamba bibi yule alikuja na kitu katika unga wake wa uwele. Mnaona? Mahali pale ambapo penye ujuzi wa jambo hapakusema kweli, mpiga ramli alisema uongo, naye akasikilizwa. Bibi alimpoteza binti yake, kisha akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemmaliza.

Alirudi katika hospitali ile. Alikwenda mara saba, naye nauli yake ni kuku na mahindi. Hakudai fedha. Alitaka mtu mmoja mwenye koti jeupe akae naye chini, amweleze jinsi binti yake alivyokufa, tena mbele ya mtu wa upande wa mume apate kusikia. Mara ya kwanza aliishia kwa mlinzi getini. Mara ya pili karani alimwambia faili halionekani. Mara ya tatu mganga mfawidhi alikuwa safarini. Sitazisimulia safari zote. Aliyewahi kusubiri mbele ya meza ya mkubwa anazijua.

Hapa kijijini nako hakuungwa mkono. Wazee walimwonya: utashindanaje na hospitali, na kesho huyo mjukuu akishikwa na homa utampeleka wapi? Woga huo si upuuzi. Maskini anayemlalamikia mganga anajua kwamba atarudi kwa mganga huyo huyo akiwa na mtoto mgonjwa mikononi. Wanajumuiya walimwambia asamehe, eti Mkristo hadai. Na hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa kuwa ni kosa, na ni kosa tulilolifundisha sisi.

Mtoto yeyote wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anajua kinachotakiwa katika sakramenti ya Kitubio: majuto, maungamo na malipizi. Ukimwibia jirani mbuzi, ukaja kuungama, padre atakuondolea dhambi kwa jina la Kristo, kisha atakuambia: mrudishe mbuzi. Huwezi kumla mbuzi na kubaki na msamaha. Zakayo aliposhuka kutoka mkuyuni hakusema tu kwamba amejuta. Alitaja mali na kiasi cha kurudisha. Hata Torati ya Musa, katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, ina sheria juu ya watu wanaopigana wakamwumiza mwanamke mjamzito: haiwaambii jamaa zake wanyamaze, inaagiza malipo, na malipo hayo yapitie kwa waamuzi. Basi mtu asiwaambie kwamba kudai fidia ni tamaa. Mtoto aliyeachwa na mama yake siku ya kwanza anahitaji maziwa, na maziwa hununuliwa.

Lakini uhai haurudishwi kama mbuzi. Je, mwenye kosa atarudisha nini? Atarudisha ukweli kwanza. Mama yule alikuwa na haki ya kujua saa, kujua sababu, na kusikia neno “tulikosa” kutoka kwa wale waliokosa. Na tena, nawezaje kumsamehe mtu asiyekiri kwamba ametenda neno? Msamaha usiojua unasamehe nini ni sawa na hati ambayo mtu ameitia dole gumba bila kusomewa. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 18, ametupa utaratibu: ndugu akikukosea, nenda ukamwambie mkiwa wawili, asiposikia, chukua mashahidi, asiposikia bado, liambie kanisa. Hakusema nyamaza ukaumie moyoni. Na mnaona pia kwamba hakusema tumrushie mawe muuguzi barabarani, wala tukachome zahanati.

Bibi wa Kilimatinde hayuko peke yake. Nchi jirani ya Uganda ina kesi ambayo ningependa kila katekista aijue. Mwaka 2009 mama mmoja alifariki katika hospitali ya Mityana akiwa na pacha wa pili tumboni. Mwaka 2010, mwezi wa Desemba, mama mwingine, naye alikuwa diwani, alifariki katika hospitali ya rufaa ya Arua baada ya kukaa saa nyingi bila huduma iliyompasa. Majina yao yameandikwa katika kumbukumbu za mahakama, nasi tuwaombee. Mwaka 2011 shirika moja la kutetea haki ya afya, lijulikanalo kwa kifupi kama CEHURD, lilifungua shauri la kikatiba dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Walioungana nalo ni mwalimu wa sheria, Profesa Ben Twinomugisha, na watu wawili wa kawaida kabisa: mama mkwe wa marehemu wa Mityana, na mume wa marehemu wa Arua.

Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliwaambia kwamba hayo ni mambo ya siasa, ni ya serikali na bunge, mahakama haiyaingilii. Wakafukuzwa mlangoni. Wakakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kwamba shauri lao ni la haki, lisikilizwe. Wakarudi kule kule walikofukuzwa. Na tarehe 19 Agosti 2020 mahakama ile ile iliyowakatalia ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba; ikaamuru familia zile mbili zilipwe fidia, na serikali itenge fedha za kutosha kwa ajili ya akina mama wajawazito. Hesabuni wenyewe kutoka 2011 hadi 2020. Mtoto aliyezaliwa shauri lilipofunguliwa alikuwa ameshapata Komunyo ya Kwanza.

Na Kenya, Agosti mwaka 2013, mwanamke mmoja alijifungua sakafuni ukumbini katika hospitali ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Wakati huo tangazo la kujifungua bure lilikuwa limetoka miezi miwili tu nyuma, nasi twajua kwamba tangazo halileti kitanda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilitamka kwamba utu wake ulidhalilishwa, ikaagiza alipwe shilingi za Kenya milioni mbili na nusu. Mwanamke yule alikuwa mzima, na mtoto wake mzima. Wengine wangesema, ulikuja na mtoto, unadai nini tena? Mahakama haikusema hivyo.

Kwetu Tanzania milango ipo, ingawa wengi hawaijui. Wa kwanza ni wa mganga mfawidhi wa kituo chenyewe, na kamati ya kituo ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Wa pili ni Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Kama lalamiko ni juu ya mwenendo wa muuguzi au mkunga, liko Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama ni juu ya daktari, liko Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza haya yana uwezo hata wa kumfutia mtu usajili. Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na iko mahakama. Lakini sikilizeni vizuri: shauri la madai ya namna hii lina ukomo wa miaka mitatu, na anayetaka kuishtaki serikali hana budi kuipa kwanza notisi ya siku 90. Anayekaa kuombolezea uvunguni miaka minne, hata awe na haki kama mlima, atakuta mlango umefungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humhudumia maskini bila malipo, ulizeni wilayani. Na Kanisa lina Tume ya Haki na Amani, ambayo haikuundwa kwa ajili ya semina tu.

Naomba makatekista mniwie radhi, maana sasa nawagusa ninyi. Katika somo la kwanza Waisraeli walikuwa wanashinda vita muda wote Musa alipoinua mikono. Mikono ikichoka, walishindwa. Mzee alichoka. Haruni na Huri hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Walimtafutia jiwe la kukalia, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, hadi jua lilipotua. Bibi yetu alipata Haruni na Huri wake baada ya safari ya nne. Mmoja ni katekista wa kigango, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Wa pili ni mwalimu mstaafu, si Mkatoliki. Walikaa naye jioni mbili, wakayaandika yote aliyoyaona: siku, jioni, adhana, benchi, nani alisema nini. Wakachukua nakala ya kadi ya kliniki na ya cheti cha kifo. Wakaandika barua ya ukurasa mmoja, isiyo na tusi hata moja, ikiomba maswali matatu yajibiwe, na nakala wakaipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ile. Nakala ya tatu waliibakiza. Nawasihi, katika vigango vyenu, mtu akifiwa namna hii, msimletee rambirambi tu. Mleteeni kalamu, siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachanganyika na machozi.

Na mimi? Nilitoa nauli ya safari moja. Ningeweza kufanya zaidi, sikufanya. Niliogopa kwamba padre akigombana na hospitali watu watasema Kanisa linafanya fujo.

Sasa neno kwa ninyi mnaofanya kazi katika leba na wodi za wazazi, najua wengi mnatusikiliza mkiwa zamu. Kitabu cha Kutoka kimeyaficha majina ya Mafarao, lakini kimeyahifadhi majina ya wakunga wawili, Shifra na Pua, waliokataa amri ya kuua watoto. Mungu alizijenga nyumba zao. Kazi yenu ni ya namna hiyo, na matunda yake yanaonekana: utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kupungua huko hakukushuka kutoka mawinguni. Ni mikono yenu, ni damu zilizotolewa na watu, ni magari ya wagonjwa, ni vyumba vya upasuaji vilivyojengwa katika vituo vya afya. Lakini kila mmoja wa hao 104 ana mama yake kwenye benchi.

Muuguzi wa usiku ule alikuwa peke yake na wazazi wanne. Bibi hakumlaumu kamwe. Huniambia kila mara, “Yule mtoto alikimbia usiku kucha, Baba, mpaka viatu akavivua.” Kumwajibisha mtu si kumtafuta aliye mdogo kuliko wote na kumtwisha mzigo wa wote. Nani alipanga zamu ya mtu mmoja? Nani aliruhusu ufunguo wa chumba cha upasuaji ulale nyumbani kwa mtu? Wizara ya Afya imeagiza kila kifo cha mama mzazi kijadiliwe kituoni, ili kosa lijulikane na lisirudiwe, wala si kwa nia ya kutafuta wa kuadhibu. Ni agizo jema. Upungufu wake ninaouona mimi ni kwamba bibi wa benchini hana kiti katika mkutano huo, na wanayoyagundua hayamfikii. Mwiteni. Mwambieni. Najua mnaogopa kwamba mkikiri mtashtakiwa. Huenda ni kweli. Lakini mjane aliyeambiwa kweli na kuombwa radhi si adui yenu, na mjane aliyefichwa faili ana sababu zote za kwenda kwa hakimu.

Na hospitali zetu za Kanisa zisidhani kwamba msalaba juu ya paa unazisamehe hesabu hii. Sisi tunaoandika jina la mtakatifu getini tungetangulia kufungua mafaili.

Mtataka kujua mwisho wa habari. Safari ya saba bibi alifuatana na shemeji wa marehemu, kaka wa mume, aliyekubali kwa shingo upande. Hospitalini walimkuta mganga mfawidhi mpya, na barua ilikuwa mezani kwake. Aliwakaribisha viti, akalifungua faili, akawasomea saa kwa saa: saa ya kujifungua, saa damu ilipoonekana kuzidi, saa daktari alipoitwa, na nafasi ndefu isiyoandikwa kitu, ambayo ni muda wa ufunguo. Akasema, “Mama, binti yako hakustahili kufa. Tulikosa sisi. Naomba radhi.” Shemeji akainamisha kichwa. Ile habari ya unga wa uwele haikusikika tena katika ukoo ule.

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Na sasa ufunguo unakaa wapi?”

Daktari akainuka, akamchukua hadi wodi ya wazazi. Nyuma ya meza ya muuguzi kulikuwa na kibao chenye misumari miwili, na chini yake daftari ambalo kila anayeingia zamu hutia sahihi kwamba ameziona.

Aliporudi Kilimatinde alinijia kuleta nia ya Misa. Aliomba niwataje wawili: marehemu binti yake, na muuguzi wa usiku ule, ambaye yu hai. Nikaandika. Nikamwuliza kama ameridhika na safari yake. Alimweka mjukuu vizuri mgongoni. Siku hizo alikuwa ameanza kutembea, ila kwa safari ndefu bado hubebwa.

“Ziko mbili, Baba,” akasema. “Nimezishika.”

Tumsifu Yesu Kristo.